Ndoo Kumi

Mwajabu ana miaka minane na shamba la eka mbili
ndani ya simu yangu yenye kioo kilichopasuka.
Kila alfajiri mchezo unamgawia maji: ndoo kumi,
si kumi na moja. Ukizimaliza, umezimaliza,
kesho ndiyo siku.

Jumamosi nikamkuta kavuka mpaka,
anamwagilia shamba la mtu anayejiita Kiboko Tisa,
asiyemjua sura wala kabila,
pengine yuko Tanga, pengine yuko Brazili.
"Unapata pointi ngapi?" nikauliza,
maana mimi ni mhasibu, swali langu huwa hilo.
"Sipati."
"Nyota?"
"Hawatoi."
"Sasa unamwagilia ili iwe nini?"
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
anayetafuta miwani aliyoivaa.
"Baba, mahindi yake yamekunja majani."

Nikacheka. Nikaenda kuoga kwa kopo.

Wiki ya tatu hiyo, bomba la Kimara linakohoa upepo.
Boza limepanda bei, ukilipigia simu
linakuuliza kwanza wewe ni nani.
Mimi ninalo simtanki, lita elfu mbili,
mkopo wa Saccos, miezi kumi na nane,
na koki yake nimeitia kufuli.
Ng'ambo ya ukuta Mama Sekela
anapanga madumu ya njano tangu saa tisa usiku.
Dumu tupu lina sauti yake.
Nimejizoeza kulala nayo.

Jioni mtoto akaja, simu mkononi.
"Tanki letu lina ndoo ngapi?"
"Likijaa? Mia moja."
"Mia!"
Akanyamaza, vidole vikitembea hewani.
"Na Mama Sekela anazo ngapi?"

Majibu nilikuwa nayo. Nilimpa yote:
marejesho, tarehe thelathini,
ukimpa mmoja mtaa mzima utapanga foleni,
maisha si mchezo, mwanangu.
Alisikiliza kwa adabu,
kisha akauliza ufunguo unakaa wapi.
Sikumwambia.
Sikuuhamisha pia.

Saa nane na kitu za usiku
kufuli likateta na ufunguo,
ndala zikaburuta, geti likafunguka kwa kujiiba,
maji yakapiga sakafu ya dumu,
kwanza kwa kishindo, kisha kwa ile sauti nene
ya kitu kinachojaa.
Nikahesabu. Mazoea.
Tatu. Nne.
Mama Sekela ananong'ona, "Inatosha, mama, inatosha."
Saba.
Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko: "Husikii?"
"Nimelala," nikamjibu.

Kwenye kumi, koki ikafungwa.
Si kumi na moja.

Asubuhi nikafungua daftari la nyumba,
lile la mafuta, luku na ada ya shule,
nikaandika: maji, ndoo kumi, zimetoka.
Safu ya pili, ya kilichoingia,
kalamu ikasimama juu yake muda mrefu.
Mwajabu akachungulia begani kwangu,
macho mazito kwa usingizi, gauni lingali na unyevu kwenye pindo.
"Na hapo pia hawatoi nyota?"

"Hawatoi," nikasema,
nikaifunika kalamu.