Tendua

Sikonge, saa tisa alasiri, kesho ni malipo.
Nimepanga majina kwa alfabeti,
majina tu.
Kilo zimebaki pale pale zilipokuwa.
Sasa asali ya Nyamizi ni ya Shija Lugembe,
ya Lugembe ni ya yule mama wa Ipole
mwenye mizinga miwili na mmoja umepasuka,
ambaye leo, bila habari, ni tajiri kuliko mwenyekiti.

Na sikuliona kosa mara moja.
Nilikuwa nimeshahamia faili la pili, daftari la wanachama,
nasahihisha simu, nafuta waliohama,
ndipo nikarudi nikaona.

Kontroli, Zedi.
Jedwali la asali halitikisiki.
Kontroli, Zedi.
Kioo kinaruka chenyewe kwenda kwa wanachama,
namba za simu zinarudia makosa yake ya zamani.

Nikampigia Mihayo, fundi wa karibu na stesheni ya Tabora.
Nyuma ya sauti yake mabehewa yanagongana.
"Una mafaili mangapi wazi?"
Mawili.
"Basi kumbukumbu ni moja. Mashine haijui meza zako,
inajua kilichofuatana. Utarudi kwa njia uliyojia,
hatua kwa hatua, hakuna kuruka.
Hesabu. Na usiandike hata nukta."

Lugha yetu ilijua haya kabla ya umeme:
funga, fungua; kunja, kunjua; tega, tegua;
ziba, zibua, asali ikamwagika.
Ila si kila kitenzi kinakubali.
Jaribu *lipa*.
Ukiitendua unapata *lipua*,
na mimi kesho nitakuwa dirishani na wafugaji mia na sita.

Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Kwenye hatua ya kumi na nne
akarudi Mlekwa Kapela.

Nilimfuta mwenyewe saa saba mchana.
Tulimzika Jumanne. Udongo wa kule ni mwekundu,
bado uko kwenye kisigino cha kiatu changu.
Safu yake ikafunguka katikati ya watu wazima,
jina, kijiji, simu isiyopokelewa,
na mwishoni kabisa, mahali ambapo sikutazama nilipofuta:
*kilo 41.5, hajalipwa.*

Nikakaa.
Sikumwambia Mihayo. Akauliza, "Upo?"
Nipo.

Hatua ya kumi na tano kilo zikarudi kwa wenyewe.
Mama wa Ipole akawa maskini tena, salama.
"Umepona," akasema Mihayo.
Nami nikauliza: yale mengine, ya wanachama,
nikibonyeza mshale wa kwenda mbele,
yatarudi?
"Yatarudi. Lakini la kwanza kurudi ni kosa lako.
Kwenda mbele kunaanzia ulipoharibu.
Yaandike upya kwa mkono, ndugu yangu. Pole."

Akakata. Salio lilikuwa langu.

Ile mishale miwili juu ya kioo:
wa nyuma umefifia rangi ya majivu,
wa mbele umewaka, unaningoja.
Mguso mmoja niharibu asali ya watu,
kumi na minne mingine nimzike Mlekwa mara ya pili
pamoja na ndoo zake mbili.

Nje mpima mizani anaosha chujio,
nyuki wachache wamemfuata hadi bombani,
wanadai chao.

Nikafungua daftari la karatasi, lile linalonata.
Ukurasa wa Septemba, mwandiko wa Mlekwa mwenyewe,
41.5, na kidole gumba cha nta.
Nikarudi kwenye mashine.
Kando ya jina lake, kwenye kisanduku cha maelezo,
nikaandika polepole:
*alipwe mkewe, Mwashi.*

Herufi ya kwanza tu, ile *a*,
mshale wa mbele ukazimika.