Jumamosi ya Tope

Aprili haijaamua.
Theluji imebaki kwenye vivuli vya misonobari
kama shuka chafu lililosahaulika kambani,
na kwenye maegesho ya kanisa la Harrow Notch
tumekuja tisa. Tulitarajiwa ishirini.

Lucinda Quimby, miaka sabini na minane,
anagawa kazi bila kutazama karatasi:
wewe chepe, wewe sururu, wewe ndoo ya rangi ya buluu,
na wewe, Thaddeus, acha simu, shika mbao.
Mimi napewa reki, kama kila mwaka,
kwa sababu mwaka wa kwanza nilikata buti langu kwa shoka
naye hasahau.

Maji hufuata mkondo; hapa mkondo ni njia yetu.
Tangu theluji ianze kulegea yameshuka humo humo
tunamopita na mbwa, na watoto, na habari zetu za talaka,
mpaka udongo umeondoka, mizizi imetokeza
kama mbavu za ng'ombe wa Februari.
Tunachimba vijifereji vya kuyageuza.
Unakata mshazari, shibiri moja kwenda chini,
unasimama kando, unangoja yasome ulichoandika.
Yakigeuka, watu wazima tunapiga kelele
kana kwamba tumetwaa kombe.

Ekari mia mbili na kumi.
Tulizinunua kwa keki, kwa maharage ya Ijumaa
katika ukumbi wa zimamoto,
kwa bahati nasibu ya bunduki kuukuu iliyomwangukia mchungaji,
na kwa hundi moja isiyotajwa mwenyewe
ambayo mwandiko wake wote tunaujua.
Kampuni ilitaka nyumba arobaini na barabara ya lami.
Kaka yangu Royce aliitaka kampuni: alihitaji kazi.
Hajanisemesha tangu kura ile.
Nami, nikiinama kuondoa jiwe,
wakati mwingine nahesabu zile nyumba arobaini,
paa zake, misumari yake, mishahara yake.

Saa nne tukafika bondeni.
Njia imezama. Si tope tena, ni dimbwi
refu kama basi la shule,
na ndani yake mayai ya vyura,
mabonge ya uteute yenye nukta nyeusi,
kila nukta imeanza kupinda iwe koma.
Thaddeus amebeba mbao za daraja maili nzima.
"Tutandike," anasema. "Ni vyura tu."

Hakuna anayejibu. Tunamtazama Lucinda,
maana njia hii aliifungua mumewe, Ansel,
kwa msumeno wa mkono na ukaidi,
mwaka waliomzika binti yao,
na jina la binti lipo pale kwenye kibao,
herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi.

Anachuchumaa. Goti linalia.
Anatia kidole majini, anakitoa.
"Dimbwi hili halikuwapo," anasema.
"Tumelichimba sisi, kwa kupita."
Kisha: "Basi ni lao."

Mchana kutwa tunaifunga njia.
Sikujua kuwa kufunga ni kazi kuliko kufungua.
Unaburuta matawi, unayalaza kama yameanguka yenyewe,
unapandikiza kangaga, unatawanya majani ya mwaka jana,
unarudi kinyumenyume
ukifuta nyayo zako kwa reki.
Kumbe reki.

Juu kidogo, penye mwinuko mkavu,
alama mpya za buluu zinachuruzika kwenye magome.
Juu ya mbao za Thaddeus tumeketi kula,
naye ameketi mwisho, amenuna, amekula mbili.

Nikiokota vyombo namwona Lucinda peke yake.
Ameng'oa kibao. Misumari minne ameitia mfukoni,
kibao amekibana kwapani kama mkate.

"Tukisimike kule juu?" namwuliza.

Anakifuta tope kwa mkono wa koti,
herufi baada ya herufi, anafika ile iliyobanwa.

"Kwanza kikauke."