Mizani Kumi na Tano

Kaunta buku letu linanuka mafuta ya taa
maana Sebarua anayauza, Makorora,
na hanawi mikono kwa ajili ya ushairi.
Tuko wanne. Hakuna aliyewahi kuchapishwa
ila Zaujia: tangazo la chanjo, ukutani Bombo.
Kila Jumapili daftari linabadili mikono,
kushoto shairi, kulia pameachwa wazi
pa kuambizana.

Sebarua huandika "Amina" chini ya kila kitu, hata utani.
Zaujia hutoka zamu ya usiku, macho mekundu,
na swali lake ni lile lile:
"Huyu unayemlilia, alikuwa anapenda kula nini?"
Na Mhina,
Mhina anayepima saruji Pongwe, mfuko baada ya mfuko,
huhesabu kwa vidole, penseli sikioni,
kisha huandika vidogo, kama anayeogopa kuamsha mtoto:
"Ubeti wa tatu, mstari wa pili. Kumi na tano. Moja haipo."

Lilikuwa shairi la mama.
*Nikamshika mkono, ukawa baridi tu.*
Akanisaidia: "Weka 'sana'. Baridi sana. Itatimia."

Wiki tatu sikulitoa daftari.
Nililifungia dukani, Barabara ya Kumi na Nne,
chini ya boksi la spoki na mipira ya breki.
Wakiliulizia, nasema limelowa.
Mhina akaja na baiskeli, cheni imelegea,
nikaikaza, nikapokea hela, sikumtazama.
Mtu amefiwa, we unahesabu?

Siku ya kufuta vumbi nikalifungua kwa nyuma
nikakuta mwandiko wangu, wino wa kijani,
pembeni mwa shairi lake la harusi ya mpwawe:
"Mashallah! Hongera! Usiguse hata nukta!"
Na nilikuwa nimeuona.
*Bibi harusi tulia, kama maji mtungini.*
Niliuona mstari, nikatabasamu, nikafunua ukurasa.
Akasimama nao Duga, suti ya kuazima,
na somo wa bibi harusi, kutoka nyuma, bila kipaza sauti:
"Maji yakitulia mno, mwanangu, yanaota viluwiluwi!"
Ukumbi ukaanguka.
Mhina akacheka nao, akaketi,
akaikunja karatasi mara nne.
Hakuniuliza. Hata leo hajaniuliza.
Nilimpa sukari, akatoka nayo mvuani.

Usiku ule nikahesabu, vidole juu ya kaunta.
Ni-ka-m-shi-ka m-ko-no. Nane.
U-ka-wa ba-ri-di tu. Saba.
Nikajaribu "sana". Ukakaa sawa, umenyooka,
kama mtoto aliyechanwa nywele kwenda kwa wageni.
Lakini haikuwa sana.
Mkono ule haukuwa baridi sana, wala baridi kama kitu,
ulikuwa baridi, basi, tu,
na mimi nimeushika, nangoja kingine kifuate.
Gurudumu lenye spoki moja pungufu linakwenda,
ila linasema kila linapozunguka,
na fundi analisikia kutoka mtaa wa pili.

Nikaandika upande wa kulia:
"Mhina, umehesabu sawa. Nimeiona. Naiacha.
Na ule mtungi, nilijua. Nisamehe.
Zaujia, mama alipenda muhogo wa nazi,
hata homa ikimkaba."

Jumapili ya pili likarudi, linanuka.
"Amina," kubwa, na alama ya kidole.
"Muhogo uingie ubeti wa kwanza," Zaujia,
nyuma ya fomu ya dawa, imebanwa kwa pini.
Na chini kabisa, penseli nyepesi:
"Nimeusoma kwa sauti nikiwa peke yangu ghalani.
Ile ya kumi na sita nimeisikia ilivyokosekana. Uache.
Ya mtungi yamekwisha, mpwa wangu ana mapacha.
Ila ubeti wa tano, kina cha kati:
huo si msiba, huo ni uvivu."