Herufi ya Kwanza

Ruwi, Agosti, themanini na saba.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
na juu ya meza ya cherehani ya mama
ameketi mgeni wa kijivu: kompyuta ya ami Seif,
aliyoiacha alipohamishiwa Salala,
pamoja na diski tisa zilizokwisha tumika afisini kwake,
nyembamba, nyeusi, chapati za maji zilizoungua.

Haikujua Kiarabu. Herufi zake zote za Kizungu,
kwa hiyo lugha pekee ya nyumba ile iliyoweza kuingia
ilikuwa Kiswahili. Bibi, ambaye Kiswahili
hukiandika kwa herufi za msahafu, kutoka kulia,
alikaa kitandani akasema, nami nikadonoa kwa vidole viwili:
*Kwa dada yangu Mize, Wete.*
Alisema siku tatu. Alinyamaza kwa sala,
na mara moja kwa jambo ambalo si sala.

Jina la faili lisizidi herufi nane.
Mwanamkuu ana tisa.
Nikamkata u ya mwisho: MWANAMKU.
Hakuona. Au aliona akaacha;
uwanja wa ndege, mwaka waliokuja, walimkata zaidi.

Ijumaa akaja Harith wa ghorofa ya pili
na mchezo wa nyoka anayekula matufaha.
Diski imejaa, mashine ikasema.
Nikabandua ule utepe wa fedha uliozibwa ubavuni,
utepe ambao kazi yake yote duniani ni kusema *usiguse*,
nikaandika neno moja, nikabonyeza.
Nyoka alikula mpaka magharibi.

Bwana Kurup, fundi wa redio nyuma ya stendi ya teksi,
hakunigombeza. Alinichorea nyuma ya risiti:
barua haikai chumba kimoja.
Mlangoni pana saraka: jina, na chumba cha kuanzia.
Kisha pana jedwali, nalo ndilo linalojua njia:
ukitoka cha tano ingia cha sita,
ukitoka cha sita ruka mpaka cha arobaini,
hivyo hivyo, hadi palipoandikwa *basi*.
"Na ukifuta?"
"Ukifuta, mashine mvivu. Vyumbani haiingii.
Inaondoa herufi ya kwanza ya jina,
na jedwali linasahau njia. Hayo tu.
Maneno yenyewe yamo, gizani,
yanamngoja mpangaji mpya."

Akatia diski yake. Kioo kikatoa

?WANAMKU

na chini yake swali, likipepesa:
herufi ya kwanza?

Nimeulizwa mengi tangu siku ile,
na maofisa, na madaktari, na mahakimu wawili.
Sijapata kujibu kwa mkono uliotetemeka vile.
M.

Ikarudi. Lakini njia ilikuwa imepotea,
na programu ilibahatisha, ikafuata vyumba vilivyopakana,
na vingine havikuwa vyetu.
Nilimsomea bibi kama ilivyo:
*usiku ule nilipotoka, mlango wa uani
niliuacha wazi, Mize, kwa sababu
katoni kumi na mbili, maziwa ya unga, zimelipwa,
zitashushwa Dubai tarehe nne
ndiyo maana mpaka leo silali mlango ukifungwa.*

Hesabu za ami Seif, zilizofutwa zamani,
zimelala chini ya bibi yangu muda wote ule.

"Sema tena," nikamwomba. "Kwa sababu gani?"
Akavuta kanga mabegani, akatazama ndoo.
"Nilisema mara moja. Ilinitosha.
Mpelekee hivyo hivyo."

Tukachapisha kwa Kurup, karatasi yenye matundu pembeni,
stempu mbili, sanduku la posta la msikiti.

Jibu lilikuja Januari, kwa kalamu ya risasi,
mistari miwili, kutoka kulia:

*Mlango nilikuja mimi nikaufunga. Sababu naijua.
Maziwa hayajafika.*