Ngozi ya Tanuri

La kwanza lilipasuka saa tano asubuhi,
kishindo kama tairi la Fuso,
na kipande cha saruji kikamng'ata Elinami juu ya nyusi.
Nilikuwa na haraka. Mwenye mashine ya kusaga
alitaka puli yake Ijumaa,
nami nikauwashia moto ukuta wenye maji bado tumboni.

Maji yakizibiwa mlango hutokea ukutani.

Nikaenda Kiboriloni kwa Nakijwa,
auzaye vyungu vya Upareni,
nikamwomba vile vilivyovunjika njiani.
Akacheka: "Fundi mzima, wanunua vigae?"
Akanijazia kiroba. Pesa hakutaka.
Ila nilipokwisha kugeuka, alisema:
"Kilichokwisha kuungua hakishtuki."

Tukatwanga vigae hadi vikawa chenga.
Udongo wa kichuguu, kutoka nyuma ya reli, ndoo tatu.
Chenga, ndoo mbili.
Majivu ya pumba za mpunga wa Chekereni, yale meupe,
mepesi hata ukipumua yanahama,
ndoo moja, na nusu nyingine kwa sababu Elinami aling'ang'ania.
Maji kidogo. Kidogo kuliko unavyodhani.
Ukifinya donge, lishike umbo la ngumi
wala lisikuachie tope kiganjani.

Tukalivisha pipa kwa ndani,
gumba kwa gumba, unene wa vidole vinne,
tukashindilia kwa mpini wa jembe
mpaka sauti ikabadilika.

Halafu kungoja.
Siku tisa chini ya turubai, masika yakipiga bati la Pasua,
mwenye mashine akipiga simu.
Siku ya kumi, mkaa wa kibaba, moto wa kupasha uji.
Siku ya kumi na moja, zaidi kidogo.
Mvuke ukatoka kwa adabu, bila kugombana na mtu.

Jana tumeyeyusha pistoni kumi na nne.
Ndani, ukuta uliiva rangi ya papai;
nje, Elinami, mwenye kovu lake,
aliweka kiganja kwenye pipa
akahesabu hadi kumi, taratibu, akinitazama.

Mwenye mashine alishanunua puli Arusha.
Yetu iko mezani, ina mchanga bado kwenye mfereji,
nzito, haina mwenyewe.

Na ufa upo. Mmoja, mwembamba, karibu na mdomo.
Kila asubuhi naupima kwa ukucha.
Leo umebaki palepale,
au ni ukucha uliokua.