Unga

Saa kumi alfajiri, Gyumri. Theluji bado haijasagwa na magari.
Knarik anachana mdomo wa gunia la tatu,
unga unapanda, unasimama hewani
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema,
na mimi simo tena kwenye duka la mikate.

Nimo chini ya dawati. Nina miaka tisa.
Mdomo umejaa vumbi la saruji, lina ladha ya chaki na ya msumari.
Mkono wa kushoto upo mahali fulani, lakini si wangu.
Ng'ambo ya ukuta ulioanguka Artavan anagonga kwa bomba:
ko, ko. Kimya. Ko.
Kaka yangu wa darasa la sita,
aliyeniahidi nusu ya chungwa lake.

Usiniambie ni kumbukumbu.
Kumbukumbu mtu huiendea mwenyewe;
hili hunijia. Halipigi hodi, halivui viatu,
linaketi kifuani na kuagiza chai.
Niliukataa ualimu kwa sababu ya chaki,
nikaangukia kwenye unga. Mungu naye ana mzaha wake.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni kitamu.
Nikifika donge la hamsini, la sitini,
mikono ikijiendea yenyewe,
Artavan anatoka dirishani.
Siku ile ile, dirisha lile lile: anaruka,
anaangukia rundo la makoti, anainuka akicheka.
Kisha anakua. Nimemwozesha mara mbili.
Ana kitambi, anaendesha teksi nyeupe,
analalamikia magoti, na petroli, na mkate wangu:
Nazeli, umezidisha chumvi.
Namjibu. Wateja wananitazama midomo ikicheza,
na nyuma yangu mkate unaungua ukutani mwa tanuri.

Kutoka kwenye vumbi narudi mzima.
Kutoka kwenye teksi ile
narudi nikiwa nimemzika upya.

Daktari Varduhi, mwenye soksi zisizofanana,
hakunipa hotuba. Alisema: tafuta kitu
ambacho mtoto wa miaka tisa hakuwa nacho.
Nimekitafuta. Pete inayobana kidole kilichonenepa.
Kovu la tanuri, la mwaka juzi, kwenye kiwiko.
Jino la dhahabu, kulia, juu.
Naligusa kwa ulimi, nasema kwa sauti:
Leo Jumanne. Gunia la tatu. Knarik, nakudai elfu nane.
Naye, bila kugeuka: Alhamisi nitakulipa.

Deni hilo lina miaka minne.
Nadhani tulishakubaliana, bila kusemezana,
kwamba lisilipwe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu ana miaka thelathini na saba, na jembe sikuwahi kumpa.
Nilimlilia, nikamfungia mlango, nikahama mtaa.
Sasa namwekea kifimbo cha kusukumia mkononi:
kaa kama unakaa, lakini sukuma.
Kuna siku anasukuma, na mkate unatoka mwembamba
hadi unaona taa kupitia kwake.
Kuna siku anatupa kila kitu,
na nimo chini ya dawati hadi Knarik
aje anishike ule mkono ulioungwa vibaya,
aukande polepole, kama vile nao ni donge.

Artavan nimempangia saa yake.
Jioni, tanuri likipoa, kabla ya kufuli,
muda wa kumenya chungwa moja, si zaidi.
Ananiambia habari za abiria.
Ganda likiisha, namwambia ashuke salama,
nami naondoka kabla hajawasha gari.

Nusu naila.
Nusu nampa Knarik, asiyependa machungwa,
anayeitafuna yote, uso umemkunjamana,
mbegu akizitemea kiganjani.