Pishi ya Uwele

Mwaka ule daftari nililishika mimi,
mhazini wa kanisa la Handali, kalamu moja
na kikokotoo kilichokufa kitufe cha saba.

Jumapili ya kubariki mbegu, Novemba,
upepo umeifagia nyika hadi mfupani,
vumbi jekundu limeingia hata kwenye Zaburi:
unapangusa ukurasa kwanza, ndipo unasoma.
Watu walileta mbegu ziombewe, warudi nazo,
mtama ndani ya kitenge, karanga kwenye kopo la rangi,
alizeti ndani ya soksi ya mwanafunzi.
Zikainuliwa. Zikashushwa.
Kila mtu akachukua chake.

Sechelela alikuwa na pishi mbili za uwele,
zilizoning'inia juu ya mafiga tangu Juni
huku watoto wakilalia mlenda mtupu.
Moja akaifunga tena.
Moja akaiacha mezani.

Nikamfuata nje. "Mama Nyemo,
ile ni mbegu, si sadaka. Mungu hakudai mbegu."
"Hanidai," akasema. "Wala simlipi.
Ila wiki hii nimeamka usiku mara tatu
kuipapasa kama bado imo.
Kitu unachokiamkia usiku kukipapasa
kimeanza kuwa mungu.
Nimekuja kukipunguza."

Mnada ukaanza kando ya ukuta,
kwenye kivuli chembamba kama mkanda.
Kuku, elfu nane. Mayai sita, elfu tatu.
Uwele: Ndahani akataja elfu mbili,
na sote tulijua hana hata mia,
mbegu yake ililiwa na panya,
iliyosalia wakaila wenyewe.
Hakuna aliyepandisha bei.
Noti mbili zikaangushwa miguuni pangu kutoka nyuma;
sikugeuka kuona mkono wa nani.
Nikaandika: *Uwele, pishi 1, sh. 2,000.*

Mvua ilikuja Desemba, ikanyesha siku nne,
ikasahau njia.
Shamba la Sechelela, kule juu kwenye kichanga,
lilifika magotini, likageuka karatasi.
Nilipita pale nikainamisha macho. Nikawaza: nilimwambia.
Mungu anisamehe,
nilifurahi kidogo kwamba nilimwambia.

La Ndahani liko bondeni, ubavuni mwa korongo,
udongo mzito, unaoshika maji kama kinyongo.
Uwele ule ukasimama.
Ndege waliujua kabla yetu;
watoto wa nyumba zote mbili wakashinda humo
wakigonga makopo hadi sauti zikawakauka.

Juni, Ndahani akapanda kilima
akisukuma baiskeli, gunia juu ya kiti.
"Mbukwa," akasema, na salamu za Kigogo hazina haraka:
za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za mguu unaouma.
Mwishoni kabisa, kama aliyekumbuka:
"Mbegu yako hii. Imekua."

Nimewasikia wenye spika kubwa kule mjini
wakiliuza jambo hili kwa jumla na rejareja:
panda kumi, vuna mia.
Mimi nimefunga hesabu miaka kumi na mmoja,
sijapata kuandika namba hizo.
Mwaka mwingine bonde ndilo litakalozama,
na kichanga ndicho kitakachotulisha.
Sijui kanuni. Najua mstari mmoja tu,
mfupi kuliko yote ukurasa ule,
ambao kila Desemba nikijumlisha unakataa kukaa:
mapato niliyaandika,
lakini sikuwa na safu ya kuandika ule usingizi
aliorudi nao nyumbani.

Mwaka huu mbegu ninazo, debe zima, juu ya moshi.
Mawingu yanapita kama wageni wasiotujua.
Jana usiku niliamka kuzipapasa.

Kumekucha. Kengele ya kwanza imelia.
Natafuta kitambaa,
na mikono, nakiri, inatetemeka,
kitambaa cha kufungia nusu.